Kengele Iliyopoteza Jina

Ukimwita Fundi Mawimbi nyumbani kwako akubadilishie nywila ya mtandao, jiandae kukasirika. Kazi ya dakika tano yeye anaifanya saa nzima. Ataingia, atavua viatu, atatoa kidaftari chake, kisha ataanza kuzunguka chumba kwa chumba: sebuleni, jikoni, chini ya ngazi, hadi kule stoo kwenye baiskeli mbovu na ndoo zilizotoboka. Televisheni hii imo kwenye mtandao? Simu ya bibi je? Na hicho kidude kinachowaka taa pale juu ya kabati, ni cha nini? Mwenye nyumba anaanza kuguna, "Fundi, si ubadilishe tu tumalizane?" Naye bila kuinua macho anajibu, "Niambie kwanza, ni nani mwingine yumo humu?"

Wako wanaosema mama huyu ana kiherehere. Wako wanaosema kichwa kimemruka tangu afiwe na baba yake. Kusema ni rahisi, jamani, mdomo haulipiwi kodi. Hakuna hata mmoja aliyemkalisha chini akamuuliza, na hata angeulizwa sidhani kama angejibu. Basi sikilizeni, niwaambie mimi.

Baba yake alikuwa opereta wa swichibodi. Vijana wa leo hamjui hiyo ni nini. Ilikuwa meza ndefu yenye ubao umesimama mbele yake, ubao una matundu, kila tundu lina namba na kitaa kidogo juu yake. Mtu akipiga simu, kitaa chake kinawaka. Opereta anachomeka waya, anaitikia, anauliza unamtaka nani, anachukua waya wa pili anauchomeka kwenye tundu la huyo anayetakiwa. Mzee alifanya kazi hiyo miaka ishirini na minane. Watu hakuwajua kwa majina, aliwajua kwa matundu. Mkurugenzi alikuwa Kumi na Saba. Mhasibu mkuu, Arobaini. Mtaani walimbatiza Mzee Swichi, na alilipenda jina hilo kuliko lake.

Alikuwa na sheria moja, na binti yake aliimeza tangu utotoni, enzi zile akitoka shule anakwenda kukaa chini ya ile meza kufanya hesabu zake. "Taa ikiwaka, itikia," mzee alikuwa akisema. "Usiulize ni nani, usiseme huyu msumbufu tu. Itikia kwanza, mengine baadaye." Halafu alikuwa anaeleza habari ya mwenzake fulani aliyeiacha taa iwake amalizie chai yake, kumbe aliyekuwa akipiga ni mama mwenye mtoto aliyebanwa na kifua. Habari hiyo aliisimulia mara mia, na kila mara alipofika kwenye ile chai, alikuwa anakisukuma kikombe chake pembeni.

Binti alikua, akasomea nyaya, na nyaya zilipopitwa na wakati akahamia kwenye mawimbi. Mzee akawa anamtania. "Sisi tulikuwa tunaunganisha watu. Nyinyi mnaunganisha mafriji." Lakini moyoni alikuwa anajivuna, maana kila jioni alitaka aelezwe upya. Binti anamwambia ruta ndiyo swichibodi ya nyumba, ila haina matundu, kila kitu kinapita hewani. "Na opereta yuko wapi?" "Yumo humo humo ndani, baba." "Na chai anakunywa saa ngapi?" Wanacheka mpaka machozi.

Alimfundisha vizuri, si uongo. Jina la mtandao, alimwambia, ni kibao cha mlangoni: kila apitaye anakisoma. Nywila ni ufunguo: asiye nao haingii. Na kila kifaa, iwe simu au televisheni, kina namba yake kiliyozaliwa nayo kiwandani, herufi na tarakimu kumi na mbili, nayo haibadiliki hata ukibadilisha kila kitu kingine. Hapo mzee alipiga paja. "Sema hivyo tangu mwanzo! Hiyo ndiyo namba ya tundu."

Kisha kiharusi kikampiga. Kilimchukua upande wote wa kulia, na ulimi kikauacha mzito, neno moja linachukua dakika kutoka. Mama mtu alikuwa ameshatangulia miaka mingi, wako wawili tu katika nyumba ile ya vyumba vitatu, na binti lazima atoke kwenda kazini. Akatafuta kengele. Kilikuwa kitu kidogo cheupe, ukubwa wa kifungo cha koti, kinavaliwa shingoni kwa kamba. Ukikibonyeza kinaamka, kinajiunga na mtandao wa nyumbani, kinatuma mlio kwenye simu ya binti popote alipo, kisha kinalala tena. Hakina kioo, hakina maandishi, hakina hata taa.

Kuifunga kengele ile alihangaika nayo siku mbili. Kuta za nyumba ni za zege na mawimbi yanafika chooni yamechoka. Aliihamisha ruta kutoka sebuleni akaiweka kwenye ushoroba. Akaiunga kengele kwenye masafa yale yanayokwenda polepole lakini yanapenya kuta, maana yale ya kasi yanaishia mlangoni. Akabadilisha na chaneli, isigongane na za majirani. Alimfanya mzee abonyeze kitandani, abonyeze chooni, abonyeze kizingitini, mpaka akaridhika. Mwisho akafungua ukurasa wa ruta, akaitafuta ile namba ya herufi na tarakimu kumi na mbili, akaipa jina: Kengele ya Baba. Tangu hapo alitembea na moyo umetulia. Kengele ikilia, awe juu ya ngazi, awe mezani anakula, anaacha vyote anakimbia nyumbani.

Sasa, nyumba ya pili, ukuta kwa ukuta na yao, alikaa Bwana Bure. Jina hilo alipewa kwa sababu hakuna cha bure kilichowahi kumpita, hata kama ni kalenda za mwaka jana. Mke alimkimbia, kazi alistaafishwa, na kila siku ikigonga saa nne asubuhi alikuwa anaingia kwa Mzee Swichi na karata zake mkononi. Walicheza mpaka mchana. Fundi Mawimbi alijua, lakini hakumtilia maanani. Machoni pake alikuwa mtu wa kuja kukalia kiti.

Jumapili moja daktari wa viungo alikuwa anamtazama mzee kwa simu ya video, kama kawaida yao kila wiki. "Haya mzee, tuinue ule mkono." Na mzee, jasho likimtoka, aliuinua. Miezi mitano mkono ule ulikuwa umelala kama wa mtu mwingine, na siku hiyo ukapanda, ukapanda, ukafika begani! Binti akapiga kigelegele. Akageukia simu amwambie daktari aone, akakuta picha imeganda, daktari kaachama mdomo wazi. Iliporudi, mkono ulikuwa umeshashuka na mzee hakuwa na nguvu ya kuuinua tena. Daktari hakuona kitu.

Damu ilimchemka. Akafungua ukurasa wa ruta kuangalia nani anayekula mtandao, akakuta vifaa vinne asivyovijua: televisheni, kompyuta, simu mbili. Kutoka upande wa pili wa ukuta kelele za mpira zilikuwa zinasikika. Hesabu haikuhitaji kalamu.

"Ni... ni..." mzee alikuwa anajaribu kusema, amemshika kwa mkono wa kushoto. "Nili..."

"Nakuja, baba." Akauchomoa mkono wake, akatoka.

Alimpa Bwana Bure vidonge vyake pale pale mlangoni, mtaa mzima ukitega sikio. "Kumbe ndiyo maana hukauki kwetu! Unamfuata mzee au unafuata mawimbi?"

"Dada, paswedi nilipewa," Bwana Bure alisema, fulana imemning'inia, rimoti mkononi.

"Na nani?"

"Na mwenye nyumba."

"Mwenye nyumba ni mimi! Wewe ni mwizi tu, mwizi kama wengine, tofauti yako huhitaji kuruka ukuta!"

Bwana Bure aliishusha rimoti. Mtu yule alikuwa na mengi, lakini hakuwahi kuitwa mwizi. "Basi," alisema taratibu, "kwenu sikanyagi tena." Akafunga mlango.

Dirisha la mzee lilikuwa wazi, na yote aliyasikia. Binti aliporudi alimkuta ameugeukia ukuta. Hakumuuliza alikuwa anataka kusema nini.

Angeweza kubadilisha nywila tu, fundi mzima yule, kazi ya dakika tano. Lakini hasira haina ufundi ndani yake. Alichukua pini ya nywele, akaichomeka kwenye kile kitundu cha nyuma ya ruta, akahesabu mpaka kumi. Taa zote zikazimika, zikawaka upya, na ruta ikawa imesahau kila kitu, kama siku ilipotoka kiwandani: jina la mtandao, ufunguo, na majina yote aliyovipa vifaa kimoja kimoja. Akaandika jina lile lile la zamani na nywila mpya ndefu. Akaiingiza kwenye simu yake, kwenye kompyuta yake, kwenye televisheni, maana hivyo vilimlalamikia vyenyewe kwenye vioo vyao. Kengele haikulalamika. Ilikuwa kifuani kwa baba yake, kimya, na saa ile fundi hakuwa na habari nayo kabisa.

Kabla hajalala akaongeza jambo moja: ruta imjulishe kwenye simu kila kifaa kigeni kitakapojaribu kuingia. Alitaka kumwona mtu akihangaika.

Jumatatu alimwogesha mzee, akamlisha, akamkalisha kwenye kiti chake, akamvalisha kengele. "Nikikawia bonyeza, sawa baba?" alimwambia kama kila asubuhi, na mzee akageuzia macho mlangoni. Binti akambusu utosini, akaufunga mlango kwa ufunguo, jambo ambalo hakuwa akilifanya, akaondoka. Kazi ilikuwa mbali, ofisi ya ghorofa tano iliyotaka mawimbi kila sakafu.

Saa nne na dakika kadhaa alikuwa juu ya ngazi anatoboa dari, simu ikatetemeka mfukoni. Kifaa kisichojulikana kinajaribu kuingia. Nywila si sahihi. Chini yake namba ya herufi na tarakimu kumi na mbili.

Akacheka kwa sauti. "Ameanza!" alimwambia mwenzake aliyemshikia ngazi, fundi mwenye umri wake. "Jirani yangu yule. Hana hata haya, tumegombana jana tu."

Simu ikatetemeka tena. Na tena.

"Mwenzangu, huyo king'ang'anizi," mwenzake alisema.

"Hodi ya nne hii! Anadhani nitamwonea huruma." Akavua glavu, akaigusa ile namba, akachagua neno Zuia. Simu ikanyamaza. Akarudisha glavu, akaendelea kutoboa, na asubuhi yake ikawa nzuri. Alipiga hata mluzi.

Saa sita na nusu simu ikaita, jina la Bwana Bure kwenye kioo. Akaikata. Ikaita tena, akaikata tena. Ya tatu akaipokea ili ampashe. Alichosikia ni mtu mzima analia. "Dada, njoo. Nimevunja mlango. Njoo, dada, njoo."

Mzee alikuwa ameanguka kwenye ushoroba, hatua tatu kutoka kwenye ruta. Mezani karata zilikuwa zimeshagawiwa, za watu wawili. Alikuwa amemsubiri rafiki yake, akamwona hatokei, akainuka kumchungulia. Kichwa kiligonga kona ya ukuta. Kengele ilikuwa imo ndani ya ngumi ya mkono wa kushoto, na ngumi ile waliipata taabu kuifungua.

Hospitali daktari alimuuliza, "Alianguka saa ngapi?"

"Sijui."

"Jaribu kukumbuka, dada. Damu inavuja ndani ya kichwa. Ni nusu saa, ni saa mbili? Saa ngapi?"

"Sikuwepo. Sijui, daktari, sijui!"

Alimuuliza mara tatu, kisha akaacha. Mzee Swichi alikata roho saa kumi na moja jioni, binti yake amemshika ule mkono wa kulia, ule uliopanda mpaka begani. Daktari alisema, "Kama mngemwahi..." halafu akaitazama karatasi yake, akaigeuza.

Binti alijiuliza lile ambalo kila mtu angejiuliza: kwa nini baba hakubonyeza? Akajijibu kwamba alizimia palepale, hakuwahi. Jibu hilo lilimbeba wakati wa mazishi. Alilishika kwa mikono miwili, akawaambia na waliokuja kumpa pole, "Hakuteseka, alizimia palepale," nao wakaitikia, ndiyo, hakuteseka.

Wiki ya pili, wageni wameshatawanyika, Bwana Bure akaja. Alisimama nje kizingitini, akagoma kuingia, kofia mkononi. "Dada, nina neno limenikaba, nikifa nalo sitalala," alisema. "Siku ile nilisikia kishindo. Halafu nikasikia ukuta unagongwa, polepole. Nikasema, jana nimeitwa mwizi, leo niitwe mvunja nyumba? Nikakaa. Nikawasha televisheni nisiusikie ule ukuta. Mpaka ukanyamaza, ndipo roho ikanigutuka." Machozi yalikuwa yanamdondoka kidevuni naye hayafuti. "Kila siku nilikuwa namshika mkono kwenda chooni. Alinipa paswedi siku ile nilipomwambia nyumba yangu imekuwa kimya mno. Akasema, chukua, usikae peke yako."

Lile jibu la kuzimia palepale likamponyoka Fundi Mawimbi mikononi. Alitaka kukasirika, ikashindikana. Alijiona yeye ndiye aliyemfukuza. "Ingia ndani," alimwambia. "Paswedi nitakupa. Nisamehe. Na siku ile uliyokuwa unajaribu kuingia nikakuzuia, nisamehe kwa hilo pia. Nilicheka, unajua? Nilikuwa juu ya ngazi nacheka."

Bwana Bure alimtazama bila kuelewa. "Kujaribu kuingia wapi?"

"Kwenye mtandao wetu. Jumatatu ile, saa nne. Ulijaribu mara nne."

"Mimi?" Alitikisa kichwa. "Sikujaribu hata mara moja, dada. Mimi masikini nina kiburi. Nilifuta hata jina la mtandao wenu kwenye simu yangu usiku uleule wa Jumapili, uliponiita mwizi."

Fundi Mawimbi alimwacha amesimama pale. Akaenda chumbani kwa baba yake. Vitu walivyomrudishia hospitali vilikuwa bado kwenye mfuko wa plastiki juu ya kitanda: saa, fulana, kengele. Akaigeuza kengele. Nyuma yake, kwa maandishi madogo ya kuchosha macho, palikuwa na namba iliyozaliwa nayo kiwandani. Akafungua ukurasa wa ruta kwenye simu yake, akaenda mahali palipoandikwa Vifaa Vilivyozuiwa. Kilikuwa kimoja tu. Akaanza kulinganisha, kidole gumba juu ya kengele, herufi kwa herufi, tarakimu kwa tarakimu. Alipofika ya sita akapotea mstari, akaanza upya. Zilikuwa sawa zote kumi na mbili.

Ruta inaweka kumbukumbu ya kila hodi, hata ya aliyezuiwa. Akaifungua siku ile ya Jumatatu. Saa nne na dakika kumi na mbili, imekataliwa. Saa nne na dakika kumi na tatu, imekataliwa. Kumi na tatu tena. Kumi na sita. Halafu neno likabadilika, kuanzia hapo alipovua glavu yake: imezuiwa, imezuiwa, imezuiwa. Mzee hakugonga ukuta tu. Aliendelea kubonyeza mpaka saa tano na dakika hamsini na nane, kwanza harakaharaka, kisha kwa kituo, kama mtu anayengoja opereta amalize simu nyingine.

Bwana Bure alisikia kilio kutoka chumbani, akaingia mbio, akamkuta amekaa sakafuni, mgongo kwenye kitanda, simu sikioni. Alikuwa amepiga hospitali akaomba daktari wa zamu ile. Walimzungusha kutoka idara hii hadi ile, kila mmoja anamwambia subiri nikuunganishe, naye akasubiri.

"Daktari, uliniuliza baba alianguka saa ngapi."

"Baba yupi, dada?" Sauti ilikuwa ya mtu aliyechoka. "Samahani, tunapokea wengi."

"Mzee wa kiharusi. Aliyeanguka ushorobani. Uliniuliza mara tatu nikakwambia sijui." Akaigeuza kengele mkononi. "Ilikuwa saa nne na dakika kumi na mbili."

Karatasi zilisikika zikifunuliwa, kisha zikaachwa.

"Pole sana, dada. Lakini umejuaje? Si ulisema hukuwepo?"

"Aliniita," alisema. "Mara ishirini na tatu."